Wembe na Neno: Sayansi na Urazini katika Utamaduni wa Meru na Embu

Huko Nchiru, kando ya barabara itokayo mjini Meru kuelekea Maua, taasisi mbili zimekuwa majirani. Moja ni makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Wameru. Ya pili ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichotunukiwa hati yake mwaka 2013. Ardhi ya chuo hicho ilitolewa na wazee haohao wa Njuri Ncheke. Wanaopenda kuuona utamaduni na sayansi kuwa mafahali wawili wasiokaa zizi moja hutatizika wakifika hapo, kwa maana mmoja wa mafahali hao ndiye aliyempa mwenzake malisho.

Swali la iwapo sayansi na urazini ndizo zinazoumba utamaduni na maendeleo ya binadamu limezoeleka katika midahalo ya vyuo vikuu, na aghalabu majibu huwa mawili. Wapo wanaoshikilia kwamba jamii huendelea kadiri inavyoziacha mila na kuifuata sayansi. Kwao, mzee wa baraza ni mabaki ya zama zilizopita. Wapo pia wanaojibu kwamba utamaduni una mantiki yake isiyopimika kwa mizani ya maabara, na kwamba hiyo inayoitwa sayansi ni utamaduni wa mgeni uliovishwa joho. Kambi hizi mbili hukaripiana kwa ufasaha mkubwa, ila zote zina upungufu mmoja: hazielezi sayansi humfikia mtu kwa njia gani. Hoja haina miguu. Hubebwa na mtu, kwa lugha fulani, mbele ya watu fulani, na yule aliyeachwa nje ya kikao hana sababu ya kuipokea. Yaliyotokea Meru na Embu katika karne ya 20 yanatoa ushahidi wa kutosha kwamba sayansi huubadilisha utamaduni pale tu inapokubali kujadiliwa katika kinywa cha wenye utamaduni huo.

Ni vyema kuanza na urazini wenyewe, maana wengi huuzungumzia kana kwamba uliletwa kwa meli pamoja na baruti. Katika Mbeere, sehemu kame ya Embu inayoteremkia mto Tana, hukua mti uitwao mukau, ambao wanabotania huuita Melia volkensii. Mti huu hustahimili ukame, na mbao zake hazishambuliwi upesi na mchwa. Kokwa lake, hata hivyo, ni gumu mno, kiasi kwamba watafiti wa misitu walisumbuka kwa muda mrefu kuuotesha katika vitalu. Wakulima wa nyanda hizo kame walikuwa na njia zao: waliokota makokwa mazizini baada ya mbuzi kula matunda, au waliyapitisha motoni ili yalainike. Huko ni kutazama, kujaribu, kulinganisha na kurithisha matokeo kwa kizazi kinachofuata. Watafiti David Brokensha na Bernard Riley walichapisha juzuu mbili mwaka 1988 kuhusu Wambeere na mazingira yao, na juzuu nzima kati ya hizo ilihusu majina na matumizi ya mimea. Jamii isiyo na urazini haiwezi kumjazia mgeni juzuu ya majina ya mimea.

Aidha, haifai kudhani kwamba kila aliyezungumza kwa jina la sayansi alikuwa akiitumikia. Kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya alizuiwa kupanda kahawa, na walowezi walitoa sababu zilizosikika kama za kitaalamu: kwamba mashamba yake madogo yangekuwa chimbuko la wadudu na magonjwa ambayo yangeenea hadi mashamba makubwa. Katika miaka ya 1930 serikali ilipowaruhusu wakulima wachache wa Meru, Embu na Kisii kupanda kahawa kwa majaribio, na hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kuupanua upanzi huo, hofu ile haikuthibitika. Kahawa ya miteremko ya Mlima Kenya ikajipatia sifa ya ubora sokoni. Kilichokuwa kimevaa vazi la elimu ya magonjwa ya mimea kilikuwa hofu ya mlowezi ya kupata mshindani na kukosa vibarua. Mkulima wa Meru aliyeambiwa kisha, na serikali ileile, kwamba mila yake fulani ina madhara kwa mujibu wa sayansi, alikuwa na haki ya kuuliza ni sayansi ipi.

Mila iliyojaribiwa kuliko zote ni tohara ya wanawake, na ni katika suala hili ambapo swali la sayansi na utamaduni liliandikwa juu ya miili ya watu. Kwanza ilikuja amri ya wamisheni. Katika kituo cha Chogoria, alichokianzisha daktari Clive Irvine wa Kanisa la Scotland mwaka 1922, waumini walitakiwa mwaka 1929 kuikana tohara hiyo kwa kiapo na alama ya kidole gumba. Hoja za kitabibu za daktari huyo zilikuwa na uzito. Waumini wengi hata hivyo waliondoka kanisani katika muda wa majuma machache, wengine wakapeleka watoto wao katika shule zisizokuwa za wamisheni.

Kisha ikaja amri ya wasimamizi wa wilaya, nayo ilielekea upande mwingine kabisa. Maofisa wa Embu na Meru waliingiwa na wasiwasi kuhusu ongezeko la watu. Kwa desturi ya wakati huo msichana alitahiriwa alipokaribia kuolewa, na mimba iliyotungwa kabla ya tohara ilihesabiwa kuwa mkosi, hivyo ikatolewa. Maofisa wakapiga hesabu: tohara ikifanywa mapema, kabla ya kubaleghe, mimba hazitatolewa na watu wataongezeka. H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya Embu na baadaye Meru, alikuwa miongoni mwa watetezi wakuu wa mpango huo. (Wanafunzi wa isimu wanamjua kwa sababu nyingine: ndiye aliyechapisha uchunguzi wa lahaja za Kivumba, Kichifundi na Kijomvu mwishoni mwa miaka ya 1950.) Huko Meru wasichana wadogo walifikia kukusanywa na kutahiriwa kwa wingi chini ya macho ya utawala, na watu wakaliita jambo hilo kigwarie, yaani lile lijalo kwa ghafla. Kwa mizani ya takwimu, huo ulikuwa urazini mtupu. Kwa wanawake waliokuwa wakisimamia jando la wasichana, ilikuwa ni kuuacha wembe na kuyatupa mafunzo. Kutawa, nyimbo, maonyo ya nyanya na shangazi, vyote vilipungua thamani. Kilichobaki ni jeraha.

Aprili 1956, wakati wa Hali ya Hatari, utawala uleule ukageuka. Njuri Ncheke, baraza la wanaume watupu, ilipitisha kwa kauli moja marufuku ya tohara ya wanawake katika Meru yote. Ni muhimu kukiri kwamba safari hii sayansi ilikuwa upande wa amri: kutokwa na damu, maambukizo na ugumu wa uzazi ni madhara ya kweli, na hakuna jadi inayoyafuta. Lakini wanawake, ambao ndio waliokuwa na mamlaka ya kimila juu ya jambo hilo, hawakuwamo katika kikao. Vijana waliohusika hawakuulizwa. Walisikia tangazo, wakasikia na tishio la faini.

Jibu lao lilimshangaza kila mtu. Wasichana walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani, wakatahiriana wenyewe kwa wenyewe. Katika muda wa miaka mitatu watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuikaidi amri hiyo. Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyewahoji wengi wa wasichana hao walipokuwa wamekuwa akina mama na nyanya, aliyaeleza haya kwa kina katika kitabu alichokichapisha mwaka 2003. Kundi hilo la wasichana lilijulikana kwa jina la Ngaitana.

Jina lenyewe linastahili kutuliwa kidogo na wanafunzi wa lugha. Ngaitana ni sentensi kamili iliyofungwa katika neno moja, kama ilivyo kawaida ya lugha za Kibantu, na tafsiri yake ya Kiswahili inafuata mkondo uleule: nitajitahiri. Ndani yake mna nafsi ya kwanza, mna wakati ujao, mna kile kiambishi cha kujitendea ambacho katika Kiswahili ni -ji-, na mna mzizi -tan-. Tendo ambalo kwa mila msichana hutendewa na wakubwa zake, mbele ya jamaa na baada ya mafunzo, hapa amejitendea. Kiambishi kimoja kimebeba uasi wote. Anaambiwa na wazee, wamisheni na serikali kwamba hatafanywa kuwa mwanamke kwa njia ya mama yake, wala hapewi njia nyingine. Anajibu kwamba basi atajifanya mwenyewe.

Tena hakuna kejeli kubwa kuliko ile ya wembe. Wembe wa dukani ni zao la sayansi ya madini na ufundi wa viwandani. Ulikuwa mkali zaidi na uliopatikana kwa urahisi kuliko chombo cha mtahiri wa jadi. Wale wanaodai kwamba vyombo vya kisasa vyenyewe, kwa kuwapo kwao tu, huielimisha jamii, wangefaa kuufikiria huo wembe mikononi mwa msichana wa miaka 13. Sayansi ilikuwa imefika Meru kwa njia ya duka kabla ya kufika kwa njia ya maneno.

Hapa pana pingamizi linalostahili kujibiwa. Huenda mtu akasema kwamba muda na elimu ya shule vingeliondoa jambo hili bila mjadala wowote, na kwamba takwimu zinathibitisha hivyo. Ni kweli kwamba katika Kenya nzima kiwango cha wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa kilishuka kutoka asilimia 38 katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 1998 hadi asilimia 15 katika ule wa mwaka 2022. Shule imechangia, na sheria zimechangia: ile ya watoto ya mwaka 2001 na ile mahususi ya kupiga marufuku ukeketaji ya mwaka 2011. Hata hivyo, elimu ya juu haimhakikishii mtu msimamo. Katika baadhi ya sehemu za nchi, ukeketaji ulihamia mikononi mwa wahudumu wa afya, wenye ganzi na vifaa vilivyochemshwa. Maarifa ya hospitali yakawa mtumishi wa kile yalichotarajiwa kukiondoa. Mwaka 2017 ni daktari, Tatu Kamau, aliyeiomba Mahakama Kuu iliyoketi Machakos iifute sheria ya 2011, kwa hoja kwamba mwanamke mzima ana uhuru wa kuchagua mila yake. Mahakama ilikataa ombi hilo Machi 2021. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, ila kesi yenyewe iliwazindua waliodhani kwamba shahada ya udaktari humtenga mtu na swali hili.

Kilichobadilisha mambo katika upande wa mashariki wa Meru kilianza kwa namna tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Maendeleo ya Wanawake, pamoja na shirika la PATH, walifanya uchunguzi katika wilaya kadhaa, Meru ikiwamo, ili kujua watu wenyewe wanasema nini kuhusu tohara ya wasichana. Jambo la kuuliza kabla ya kuamuru linaonekana dogo. Katika historia iliyosimuliwa hapa lilikuwa mapinduzi. Mwaka 1996, huko Gatunga katika Tharaka, wasichana wapatao 30 walipitia jando la aina mpya. Walitawa kwa juma moja, wakafundishwa na wanawake wakubwa wao kuhusu mwili, uzazi, usafi, heshima na maamuzi ya maisha. Siku ya mwisho wakatoka mbele ya jamaa zao kwa nyimbo, ngoma na zawadi. Hawakukatwa. Jando hilo likaitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno.

Msomaji atakuwa ameuona mzizi. Ni -tan- uleule wa Ngaitana. Miaka 40 iliyotangulia, neno hilo lilikuwa limeshikamana na wembe. Sasa limeshikamanishwa na mugambo, sauti, usemi. Waliolibuni jina hawakuliacha neno la mila wala hawakuleta istilahi ya kigeni. Walilishika neno la wenyewe, wakakibadilisha kilichomo ndani yake. Na sayansi je? Ilikuwamo kwa ukamilifu wake wote, yale yale mambo ya damu, maambukizo na uzazi ambayo Irvine aliyasema mwaka 1929, isipokuwa safari hii yalisemwa na shangazi ndani ya nyumba ya kutawa. Hii haikuwa dawa mujarabu. Wapo wasichana waliopitia jando hilo na bado wakashinikizwa baadaye na jamaa au wachumba, na zipo familia zilizoona kwamba sherehe bila tohara ni harusi bila bibi arusi. Lakini mtu aliyeshinikizwa baada ya kuelezwa ana hoja za kujitetea, silaha ambayo msichana wa 1956 hakupewa.

Chogoria nayo ilijifunza. Hospitali ileile iliyopoteza waumini kwa kiapo cha kidole gumba ilikuja kusifika, katika miaka ya 1970 na 1980, kwa huduma ya uzazi wa mpango. Ilifungua zahanati vijijini na kuwatumia watu wa kujitolea, majirani wa kawaida waliobisha hodi na kukaa jikoni kuzungumza. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1985 ulionyesha kwamba matumizi ya njia za kupanga uzazi katika eneo hilo yalikuwa yamekizidi kwa mbali kiwango cha kitaifa. Suala la idadi ya watoto liko ndani kabisa ya utamaduni, huenda kuliko tohara, nalo lilibadilika bila mtu kuapishwa.

Yasije yakadhaniwa kuwa haya ni maradhi ya Waafrika wa zamani pekee. Januari 2013 baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilitoa ripoti kuhusu miraa, zao kuu la Igembe na Tigania, likapendekeza isipigwe marufuku kwa kuwa ushahidi wa madhara haukutosha. Serikali hiyo, katika nchi inayojivunia kuwa kitovu cha mapinduzi ya sayansi, ikaipiga marufuku hata hivyo, na amri ikaanza kutumika Juni 2014. Miaka kumi baadaye, Mei 2024, kaunti kadhaa za Pwani ya Kenya zilipopiga marufuku muguka wa Embu, wanasiasa wa pande zote mbili walitaja afya na uchumi kwa sauti za juu, na wengi wao walikwishaamua kabla ya kusoma utafiti wowote. Mkulima wa Mbeere na mama wa Mombasa anayemlilia mwanawe walistahili kuketi pamoja na mtu wa maabara kati yao. Walikutanishwa na mawakili.

Kwa hiyo suala hili linaigusa moja kwa moja taaluma ya Kiswahili, kwa namna ambayo pengine haikubaliki kwa urahisi. Wanafunzi wa vyuo vya Nchiru, Chuka na Embu hufundishwa biolojia, kilimo na uuguzi kwa Kiingereza, kisha hutarajiwa kuvitumia miongoni mwa watu wanaozungumza Kimeru, Kitharaka, Kiembu na Kimbeere nyumbani, na Kiswahili sokoni, kanisani na zahanatini. Muuguzi aliyefuzu vizuri hujikuta akimweleza mama mjamzito jambo la maisha na kifo kwa sentensi ambayo nusu yake haina neno. Istilahi hazikosekani vitabuni. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikakipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na ile ya taifa. Upungufu uko kwingine: istilahi hizo ziliundwa mezani, na tasnifu nyingi zinazoandikwa kuzihusu huishia kuhesabu mbinu za uundaji wa maneno, ukopaji asilimia fulani, unyambuaji asilimia fulani, bila kumuuliza mama mmoja iwapo ameelewa.

Shangazi wa Gatunga walikabiliwa na kazi hiyohiyo mwaka 1996. Ilibidi wapate maneno ya kumwelezea binti sehemu za mwili wake bila kumvunjia heshima, na maneno ya kumweleza kwa nini jambo ambalo nyanya yake alilifanya kwa fahari lingemdhuru yeye. Waliyatoa wapi? Yapi yalitoka katika nyimbo za jando la kale, yapi katika Biblia, yapi katika Kiswahili cha kliniki? Wengi wa shangazi hao sasa ni wazee. Mwanafunzi wa isimu wa Chuka anaweza kuchukua matatu asubuhi na kufika Tharaka kabla ya saa sita, na baadhi ya wanafunzi hao ni wajukuu wa akina Ngaitana.